Nimpeleke mama Ibra mwezi wa Julai?

Swali: Asalaam aleykum kaka. Nipo Tanga. Mama yangu, miaka 67, anatamani kuiona Ibra, mji wa Oman aliotoka babu yake kabla ya kuhamia Unguja. Nina likizo ya siku nane mwezi wa Julai. Nataka kukodi gari niendeshe mwenyewe: Maskati, Nizwa, Jebel Akhdar, Ibra. Mama magoti yanamsumbua, na Kiarabu chake ni cha kuswalia tu. Je, ratiba hii inawezekana? Nichukue gari gani?

Jibu: Waaleykum salaam, mdogo wangu. Kwa upande wa barabara ratiba yako haina tatizo. Tatizo ni Julai. Ibra na Nizwa ziko bara, nyuma ya milima, na mwezi huo joto la mchana hupita nyuzi 40. Maskati iko pwani, lakini mvuke wake unachosha kuliko jua lolote la Tanga. Ukimpeleka mama wakati huo, mji wa babu yake atauona kupitia dirisha la hoteli. Sogeza likizo iwe kati ya Novemba na Februari.

Ikishindikana kabisa, basi Julai nendeni Salalah, kusini kabisa ya nchi. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, kusi ileile iliyokuwa ikiwarudisha mabaharia Uarabuni huleta manyunyu huko na milima huwa kijani kitupu. Kutoka Maskati ni karibu kilomita 1,000, kwa hiyo pandeni ndege. Ila hapo Ibra itabidi ingoje mwaka mwingine.

Tuseme umepata Desemba. Ratiba ya bara ya Oman mimi huipanga kwa siku za soko kwanza, kilomita baadaye. Fikeni Maskati Jumapili, Jumatatu mpumzike na kutembea. Jumanne nendeni Ibra, mwendo wa chini kidogo ya saa mbili kwa barabara kuu. Jumatano asubuhi Ibra ina soko la wanawake: wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, nguo, manukato, dawa za miti. Wewe baki nje, mwache mama aingie peke yake. Nimeona akina mama wa kwetu wakitoka humo wameshikana mikono na watu waliokutana nao nusu saa tu iliyopita. Alhamisi piteni Sinaw, ambako Mabedui hushuka na ngamia wao, kisha mwendelee hadi Nizwa mlale huko, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku yake.

Mnada wa mifugo wa Nizwa huanza mapema, na saa tatu asubuhi huwa umekwisha, kwa hiyo saa moja muwe mmefika. Wanunuzi hukaa kwa duara, wauzaji huzunguka ndani yake wakiwavuta mbuzi kwa kamba huku wakitaja bei kwa sauti. Mzee akitaka mnyama humshika, humkagua meno na kiwele, akamwachia aendelee kuzunguka au akatoa bei yake. Mtafutieni mama kiti pembeni, kwani mafahali wakiingia uwanjani huwa na fujo.

Ngome ya Nizwa iko hatua chache kutoka hapo. Ilijengwa na Imamu Sultan bin Seif, yuleyule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Mwanawe, Seif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliitwaa Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698, kwa hiyo mtu wa pwani akiingia humo anaingia kwenye historia yake mwenyewe. Mnara wake mkubwa unapandwa kwa ngazi nyembamba yenye kona, na juu ya milango kuna matundu ambayo adui alimwagiwa asali ya tende iliyochemka. Kwa magoti ya mama, ua wa chini na vyumba vyake vinatosha.

Jumamosi ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote. Dakika chache kutoka Nizwa kuna Birkat al-Mauz, yaani birika la migomba, na kwa kweli migomba ipo. Hapo utaona falaj ya al-Khatmeen, mojawapo ya tano zilizoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Falaj ni mfereji unaochukua maji kwa mteremko tu, bila pampu. Huu ni wa aina iitwayo daudi: maji hutoka kwenye kisima mama chini ya mlima, husafiri kwenye handaki lililochimbwa kwa mkono, kisha hutokea juani karibu na makazi. Mkifika, tazameni pale mkondo mmoja unapogawanyika kuwa mitatu iliyo sawa. Ni jiwe na maji tu, lakini mji mzima umeishi kwa mgawanyo huo.

Mwenye shamba hapewi maji kwa kipimo cha ndoo, hupewa muda. Fungu moja, athar, ni takriban nusu saa ya maji. Zamani mchana ulipimwa kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota, na msimamizi huitwa wakil, neno ambalo mama hatahitaji kutafsiriwa. Sehemu ya kwanza ya mkondo ni ya kunywa, kisha zinafuata za kutawadha na kuoga, mashamba huja mwisho. Kwa hiyo msiingize miguu mahali popote kabla ya kutazama wenyeji wanafanya nini.

Hapohapo Birkat al-Mauz ndipo barabara ya Jebel Akhdar inapoanza, na polisi kwenye kizuizi huyarudisha magari yasiyovuta kwa magurudumu yote manne. Hili ndilo jibu la swali lako la gari: kodi gari dogo la kawaida, kwani Maskati, Ibra, Sinaw na Nizwa zote ni lami, na kwa siku hiyo moja ya mlimani mchukue dereva mwenyeji mwenye gari linaloruhusiwa. Mteremko wa kurudi unahitaji mtu aliyeuzoea. Kumbuka pia kwamba Oman huendesha kulia. Siku ya kwanza zunguka karibu na hoteli tu, hasa kwenye vipilefti, maana jicho la Mtanzania hutazama upande usio sahihi. Kamera za mwendo ni nyingi. Leseni ya kimataifa ichukue kabla hujaondoka. Na mvua ikinyesha, hata kama ni mbali milimani, msivuke bonde lenye maji.

Madogo madogo: viza huombwa mtandaoni kwenye mfumo wa Polisi ya Kifalme ya Oman; soma masharti ya pasi yako kabla ya kulipa tiketi. Riali moja ni baisa 1,000 na ni kama dola 2.6, kwa hiyo ukiambiwa "mia tano" ni nusu riali. Plagi ni za pini tatu kama zetu. Saa zao ziko mbele kwa saa moja. Dawa kali za maumivu za mama zibebeni na barua ya daktari. Mirungi ni marufuku kabisa, usikubali kubebeshwa mzigo wa mtu.

Kiswahili kitawasaidia kuliko mnavyotarajia. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi ziliondoka Zanzibar, na baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 wengi waliitikia wito wa kurudi Oman. Watoto na wajukuu wao bado wanakisema, hasa Maskati. Lakini mambo ya 1964 msiyaanzishe nyinyi. Kuna waliopoteza ndugu, na upande wa pili kuna historia ya utumwa na mashamba ya karafuu ya enzi ya Seyyid Said, ambayo nayo ina wenyewe. Mwenyeji akitaka kuyazungumza atayaleta mwenyewe, nanyi msikilize.

Kuhusu babu: kabla ya safari mkae na mama, muandike jina lake na ya baba zake hadi mnakofika, jina la kabila, na jina la mtaa kama linakumbukwa. Jina la babu peke yake halitoshi, Ibra ina wengi wa jina hilo. Mkifika, ulizeni sabla ya kabila hilo, ukumbi wa wazee wanakokutana. Mama atalisikia neno sebule ndani yake. Ingia wewe kwanza, toa salamu taratibu, kaa, ndipo utaje majina. Mama atachukuliwa kwa wanawake wa nyumba ya jirani. Mtaletewa tende na halua, kisha kahawa kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono. Pokea kwa mkono wa kulia, na ukitosheka kitikise kidogo unapokirudisha, la sivyo mmiminaji ataendelea kukuongezea.