Kaye, biki na nusu saa

Anayeandika kwa kupenda tu hana mkubwa wa kumgombeza. Hakuna anayemlipa wala anayemdai, na siku akiacha hakuna atakayeuliza. Ndiyo maana hapa Lubumbashi kuna kaye (madaftari) nyingi za hadithi zenye kurasa 12 zilizojaa na 84 nyeupe, zimelala chini ya godoro au zimegeuzwa za kuandikia madeni ya duka.

Watu husema ni uvivu, lakini mara nyingi tatizo ni mpango. Mpango unaandikwa Jumapili jioni, mtu ameshiba bukari, amepumzika, anajiahidi kurasa tano kila siku. Anayetakiwa kuutimiza ni mtu wa Jumatano: ametoka kazini, taksibasi imemchelewesha, umeme umekatika na maji hayajachotwa. Hao ni watu wawili tofauti, na wa Jumapili hana haki ya kumtungia sheria wa Jumatano. Basi panga kwa kipimo cha siku mbaya.

Kipimo kinachofaa ni maneno 200. Chukua kaye ya shule, hesabu mistari ya ukurasa. Kwa mwandiko wa kawaida mstari mmoja hubeba maneno sita au saba ya Kiswahili, si zaidi, maana maneno yetu ni marefu: "hawakumfungulia" ni neno moja linalofanya kazi ya sentensi nzima. Ukurasa wa mistari 24 unakupa maneno 150 hivi. Kwa hiyo kazi ya siku ni ukurasa mmoja na mistari minane. Ukiifanya siku nne kwa wiki unapata maneno 800, na hadithi fupi ya maneno 3,000 inaisha kabla mwezi haujatimia. Hadithi ndefu ya maneno 20,000 inachukua wiki 25, yaani nusu mwaka. Ukiitazama hesabu hiyo utaona kwamba kuandika polepole si kuchelewa sana.

Kwa nini siku nne na si saba? Kwa sababu wiki ya mji huu ina kilio cha jirani, ina kanisa, ina mgeni kutoka Likasi anayefika bila kupiga simu. Anayejipangia siku saba anashindwa wiki ya kwanza, na akishashindwa anajiona si mwandishi. Siku nne zinakuachia tatu za kupoteza bila kosa. Sheria moja tu uishike kwa nguvu: siku ya kuandika ikikupita, ile inayofuata isikupite. Na jana isidaiwe. Uliyekosa Jumanne, Jumatano unaandika maneno 200, si 400. Deni la maneno linafanya kazi sawa na deni la dukani: likikua, unaanza kuzunguka njia nyingine ili usipite mbele ya duka.

Kuhusu saa, usiegemee saa ya ukutani. Ifunge kazi yako kwenye jambo ambalo tayari linafanyika kila siku nyumbani: baada ya watoto kwenda shule, baada ya chai, baada ya kufunga kibanda. Wengi husifu alfajiri, na kweli saa kumi na moja nyumba imetulia. Ila mji huu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi ya kweli. Vidole vinakakamaa na blanketi lina hoja nzito. Aliyezoea alfajiri tangu Oktoba huacha kuandika mwezi wa sita, halafu anadhani amepoteza kipaji. Hajapoteza kitu, majira ndiyo yamegeuka. Kwa miezi hiyo miwili hamishia kazi mchana au jioni, na uamue hivyo mapema, mwezi wa tano, kabla baridi haijaamua kwa niaba yako. Wakati wa mvua kuna shida nyingine: mvua ya mchana juu ya mabati haikuachii kusikia hata mawazo yako. Asubuhi ndiyo salama zaidi kuanzia Novemba hadi Machi.

Umeme usiufanye sharti. Anayengoja delestaji, yaani mgao wa umeme, iishe ili afungue kompyuta ameshaikabidhi kalamu yake kwa transfoma ya mtaa. Andika rasimu ya kwanza kwa biki (kalamu ya wino), kompyuta ingoje kazi ya kunakili. Usiku weka taa ya kuchaji upande wa kushoto, juu kidogo ya bega, kama unaandika kwa mkono wa kulia. Ikiwa kulia, kivuli cha mkono kinaangukia mstari uleule unaouandika na macho yanachoka mapema. Aandikaye kwa kushoto ageuze.

Simu inafaa kwa wasio na meza, na wengi hatuna. Lakini itengeneze kwanza. Kibodi ya simu nyingi hapa imewekwa Kifaransa, na inasahihisha Kiswahili kana kwamba ni Kifaransa kilichoharibika: inayakata maneno, inayageuza, inayatilia alama juu. Mtu anatumia nusu ya muda wake kurudisha maneno yake mwenyewe. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, zima usahihishaji wa moja kwa moja, kisha ongeza Kiswahili kwenye orodha ya lugha. Ni kazi ya dakika tatu. Halafu zima data kabla ya kuanza, maana ujumbe mmoja wa WhatsApp unakula dakika 20. Ukimaliza, washa tena na ujitumie maandishi yale kwa barua pepe. Usiseme utafanya kesho. Simu huibwa sokoni, huanguka kwenye ndoo ya maji, na hadithi huondoka nayo.

Sasa jambo linalowakwamisha watu wetu kuliko yote, na ambalo washauri wa kuandika kutoka mbali hawalijui: lugha yenyewe. Mtu anataka kuandika "Bale batoto beko wapi?" kwa sababu ndivyo mama wa hadithi yake anavyosema kule Katuba, mtaa wa mji huu. Mkono unasimama. Shuleni alifundishwa Kifaransa, kwenye kitabu ameona "Wale watoto wako wapi?", na sasa hajui aandike lipi. Anafuta, anaandika, anafuta. Dakika 30 zinaisha kwa mstari mmoja, na kesho hana hamu ya kurudi kwenye aibu hiyo.

Dawa ni kutenganisha kazi. Rasimu ya kwanza inaandikwa kwa lugha ya mdomo, yote, hata ikichanganyika na Kifaransa. Hakuna kufuta, neno likikosekana, weka mstari mtupu na uendelee. Katika kusoma kwa pili unashughulikia hadithi tu: nani anaingia, nani anatoka, kipi kimezidi. Kusoma kwa tatu ndiko kwa sarufi, na hapo unaamua mara moja kwa hadithi nzima. Njia inayofanya kazi vizuri ni hii: msimulizi aseme Kiswahili sanifu, wahusika waseme Kiswahili cha mtaa wao. Mfano:

Mama Ngoie alisimama mlangoni, kikapu bado kichwani. "Bale batoto beko wapi?" Hakuna aliyejibu.

Msomaji wa Kalemie au wa Dar es Salaam anaelewa bila kufasiriwa, na wa Katuba anasikia sauti ya nyumbani. Wenye wasiwasi kwamba lugha yetu haifai karatasi wakumbuke kwamba mwaka 1965, mji ukiwa bado unaitwa Élisabethville, André Yav aliandika historia ya mji huo kwa Kiswahili hikihiki cha hapa, kwa niaba ya watu waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani kwa wazungu. Wataalamu bado wanaisoma hadi leo. Hakungoja ruhusa ya sarufi.

Ujanja mwingine mdogo: usimalize ulipofika mwisho wa fungu. Acha sentensi katikati. "Mama Ngoie alifungua sanduku, akakuta" na hapohapo funga kaye. Kesho huna haja ya kutafuta mwanzo. Unajua alichokikuta, na ulikibeba kichwani usiku kucha. Ukiogopa kusahau, andika pembeni maneno matatu: barua, funguo, harufu. Anayeacha penye mwisho mzuri anakutana kesho na ukurasa mweupe, na ukurasa mweupe ndio unaowarudisha watu kitandani.

Kukosa la kuandika ni tatizo dogo kuliko linavyosemwa. Weka kurasa tano za nyuma za kaye kwa ajili ya maneno ya watu: lile alilosema konda, lile ulilolisikia kwenye foleni ya maji, jina la ajabu lililopakwa ukutani mwa duka. Mstari mmoja kwa siku, pamoja na tarehe. Na tafadhali, kabla ya kuanza hadithi nyingine kwa bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines au maua ya jakaranda, jaribu kwanza mlango wa jirani. Bomba limeshaandikwa vya kutosha.

Wasomaji wanasaidia nidhamu, mradi wasizidi. Watu wanne wanatosha, sita ni mwisho. Wakifika kumi inakuwa mkutano, anachaguliwa mwenyekiti na kuandika kunakufa. Kutaneni Jumamosi moja kati ya mbili, iwe uani kwa mmoja wenu au kwenye kona tulivu mjini. Kila mmoja alete kurasa tatu, asome kwa sauti. Kwa mwendo wa kawaida hizo ni dakika nne au tano. Mwandishi akae kimya wakati wenzake wanasema, akiandika tu. Kila msikilizaji aseme mahali alipochoka na mahali alipotaka kuendelea, basi. "Ni nzuri sana, yaya", kama tunavyomwita kaka au dada mkubwa, ni heshima, lakini haimsaidii mtu kurekebisha chochote.

Ikitokea umeacha kwa mwezi mzima, kwa ugonjwa au kwa kilio cha nyumbani, kosa kubwa ni kurudi mwanzo na kuandika upya sura ya kwanza. Wapo wenye sura ya kwanza sita na sura ya pili hawana. Soma kurasa mbili za mwisho pekee. Nakili kwa mkono nusu ukurasa wa mwisho, neno kwa neno, bila kurekebisha. Mkono unakumbuka sauti kabla ya kichwa. Kisha andika maneno 50 tu, siku tatu, ndipo urudi kwenye 200.

Rasimu ikiisha, iweke wiki mbili bila kuigusa. Ukiinakili kwenye kompyuta, acha nafasi ya mstari mmoja na nusu na pembeni upana wa vidole vitatu, maana huko ndiko masahihisho yatakakoishi. Ipeleke kwenye sekretariati ya kuchapisha ikiwa PDF, si faili ya Word, kwa sababu mashine yao ikikosa herufi ulizotumia, kurasa zinapangika upya na mazungumzo yanaingiliana. Omba wachapishe ukurasa mmoja kwanza, uutazame kwenye mwanga wa mlangoni, ndipo uwaambie waendelee.