Stika Inataka Subira, Wino Unataka Mbio

Skrini yangu ya kwanza ya kuchapia fulana niliiua kwa simu. Nilikuwa nimeshachapa fulana nne, ya tano iko mezani, simu ikaita nikatoka nje kuongea. Hata robo saa haikufika. Niliporudi wino ulikuwa umekaukia ndani ya matundu ya wavu, na maji, sabuni na mswaki wa zamani havikufua dafu. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba kazi hii ya kuchapa fulana kwa skrini iliyozibwa kwa stika ina nusu mbili zisizofanana tabia: nusu ya stika, ambayo ukiiharakisha umeharibu, na nusu ya wino, ambayo ukiichelewesha umeharibu. Wengi wanaonionyesha fulana zenye madoa huwa wamezipindua nusu hizo. Wamebandika stika mbiombio, kisha wakachapa kwa madaha.

Uchapaji wenyewe si fumbo. Una fremu iliyowambwa wavu mwembamba. Unaziba mahali usipotaka wino upite, unaweka kitambaa chini, unauvuta wino juu kwa raba, yaani kibao chenye ukingo wa mpira. Zamani wavu huo ulikuwa wa hariri. Mwingereza Samuel Simon alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya njia hii mwaka 1907. Leo wavu ni wa poliesta, na wenye karakana huuziba kwa dawa inayogandishwa kwa mwanga. Dawa hiyo inataka chumba chenye giza na taa maalumu, vitu ambavyo mimi sina. Stika ya vinaili, ile plastiki nyembamba yenye gundi, inafanya kazi ileile pale mezani. Tena inaishinda stensili ya karatasi, yaani karatasi iliyotobolewa mchoro, kwa jambo moja: kile kipande cha katikati ya O au A hakihitaji kuunganishwa na kitu chochote. Wavu ndio unaokishika.

Ukienda kununua wavu, chukua wa nyuzi 110 kwa inchi, ambao wengine huuandika 43 kwa sentimita. Muuzaji anaweza kukusifia ule laini zaidi. Huo ni mzuri kwa picha zenye nukta ndogondogo, lakini wino wa maji huuziba upesi, na stika haiwezi kutoa nukta ndogo kiasi hicho hata hivyo. Stika nayo iwe ile ya kawaida ya kubandika kwenye vioo na magari, si ile ya kupigia pasi kwenye nguo. Mimi natumia yenye gundi ya kudumu, kwa sababu ya muda ilianza kunifunguka pembeni mara tu ilipolowa.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo nilipoaibika. Stika inabandikwa upande wa chini wa skrini, ule bapa unaogusa kitambaa, ili raba isiikwangue. Kwa hiyo mchoro lazima ukatwe umegeuzwa kama unavyoonekana kwenye kioo. Mimi sikuugeuza. Fulana ya kwanza iliponyanyuliwa ilisomeka kinyumenyume, na mwenyewe aliyeiagiza alikuwa amesimama pembeni yangu. Tangu hapo, kabla sijabandika, naigeuza stika na kuitazama dhidi ya mwanga kwa upande wa nyuma. Nikiweza kuisoma vizuri kwa nyuma, iko sawa.

Kukata unaweza kwa mashine ya kukatia stika au kwa wembe na mkono uliotulia. Epuka mistari myembamba chini ya milimita mbili. Kisha unang'oa kile unachotaka kichapike, yaani herufi zenyewe, na kuacha kinachozizunguka. Mikono iliyozoea kutengeneza stika za kawaida hufanya kinyume bila kufikiri, kwa hiyo nenda polepole na kibano chako.

Osha wavu kwa sabuni ya vyombo uuache ukauke kabisa, kwani vumbi na mafuta ya vidole ndiyo adui wa gundi. Hamisha stika kwa tepu ya kuhamishia, ile inayoibeba stika kutoka kwenye karatasi yake, ibandike, kisha igeuze skrini na usugue kwa ndani kwa mgongo wa kijiko. Sugua zaidi ya unavyodhani inatosha, hasa kwenye kingo za herufi. Wino hupenyea hapo, na ukishapenya utaona herufi zimeota ndevu. Mimi huilaza usiku mzima chini ya vitabu vizito. Sina ushahidi wa kisayansi, lakini zilizolala hazinisumbui kama zile nilizobandika na kuchapa saa hiyohiyo. Asubuhi naziba kwa tepu kila sehemu ya wavu iliyobaki wazi pembeni mwa stika, hadi kwenye mbao za fremu.

Kabla ya kufungua kopo la wino, kila kitu kiwe tayari: fulana za pamba zimefuliwa bila dawa ya kulainisha, zimenyooshwa, kila moja ina kadibodi ndani ili wino usitoboe hadi mgongoni, na ndoo ya maji iko karibu. Haraka haraka haina baraka, sawa, ila aliyetunga methali hiyo hakuwahi kuchapa fulana kwa wino wa maji.

Inua skrini kidogo kwa kubandika sarafu mbili pembeni, ili wavu uguse kitambaa pale raba inapopita tu. Mwaga wino mstari mmoja juu ya mchoro. Shika raba imelala nusu, kama nyuzi 45, uivute mara moja kwa nguvu iliyo sawa, mara ya pili ukiona inahitajika. Basi. Kukandamiza na kurudiarudia kunasukuma wino chini ya stika. Ukiinua skrini, usiiache wazi: tandaza wino mwembamba juu ya mchoro bila kukandamiza, ndipo uitoe fulana. Tabaka hilo ndilo linalozuia matundu kukauka. Chapa ya kwanza iwe kwenye kitambaa kibovu, kwa sababu karibu kila mara ndiyo mbaya kuliko zote.

Kitambaa cheusi kinataka wino mzito unaofunika. Chapa, kausha kwa mashine ya kukaushia nywele bila kuisogeza fulana, chapa tena palepale.

Kuna wino wa plastiki ambao haukauki kwenye skrini, na utashawishika. Lakini wengi wa aina hiyo unataka kufikia joto la karibu nyuzi 160 za Selsiasi kote, na pasi haikupi uhakika huo. Wino wa maji unaomba pasi kavu isiyo na mvuke, kitambaa chembamba juu ya chapa, ukizungusha dakika tatu hadi tano kila eneo baada ya chapa kukauka kabisa. Soma maelezo ya kopo lako, hutofautiana. Nami huacha siku kadhaa kabla ya kufua.

Fulana ya mwisho ikitoka, usikae kuisifia. Peleka skrini kwenye maji baridi dakika hiyohiyo, suuza kwa mkono mwepesi, na stika inaweza kubaki kwa kazi nyingine. Moja yangu ilichapa mifuko kumi na tisa na kuoshwa mara tatu kabla herufi E haijaanza kuinuka. Unapotaka kuibandua, ipashe joto kwa ile mashine ya nywele, ivute ikiwa imelala karibu na wavu, na gundi itakayobaki isugue kwa mafuta ya kupikia kidogo. Kisha osha mafuta yenyewe kwa sabuni, mara mbili, la sivyo stika ijayo haitashika.