Muulize Shangazi: Tarehe 23 Aprili mtoto avae nyekundu na nyeupe, au abaki nyumbani?

Safari hii barua zenu nyingi zimetoka kwa nyie mnaoishi England na karibu zote zinaulizia siku ya Mtakatifu George, ile ya tarehe 23 Aprili, huyo ndiye mtakatifu msimamizi wa England na bendera ya England ni msalaba wake mwekundu kwenye nyeupe. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu manake imenikaa moyoni tangu niisome.

Shangazi shikamoo. Niko Birmingham na mume wangu na watoto wawili. Shule ya yule mdogo, ana miaka 6, wameleta karatasi kwamba tarehe 23 waje na nguo nyekundu na nyeupe, watasimuliwa hadithi ya mtakatifu na joka, halafu watachora bendera. Mtoto kila asubuhi ananiuliza mama fulana yangu nyekundu umeshaifua? Baba yake hataki hata kusikia. Anasema ile bendera ni ya watu wasiotutaka, na majira ya joto ya 2025 walipozitundika kwenye nguzo za taa tulijua kabisa wanatuambia nini. Halafu sisi ni Waislamu, mambo ya watakatifu hayatuhusu. Nifanyeje?
*Mama wa wawili, Birmingham*

Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie baba watoto kwamba hajakosea kuogopa na wala asije akaambiwa na mtu kwamba anakuza mambo. Miaka ya 70 National Front, chama cha wabaguzi wa rangi, walikuwa wanaandamana mbele wameshika Union Jack, ile bendera ya ufalme wote, baadaye wakaja English Defence League, kundi la kupinga Waislamu, hao walianza 2009, wakashika hii ya msalaba mwekundu. Na hiyo 2025 tuliona wote, bendera kwenye nguzo, msalaba umepakwa rangi hadi kwenye vipilefti, na wakati huohuo watu wamejazana nje ya hoteli walizowekwa waomba hifadhi wakipiga kelele warudishwe makwao. Waliotundika hawakuwa wa nia moja, wapo waliofanya kwa kupenda kwao tu, lakini ukiwa mweusi unarudi na mtoto kutoka shule huna namna ya kujua ipi ni ipi, unaona tu bendera.

Ila na mimi nina yangu niliyoyaona maana niko huku zaidi ya miaka 20. Kombe la Dunia 2006 mtaani kwetu kulikuwa na dereva teksi, Mpakistani, alibana vibendera viwili vya plastiki kwenye vioo vya nyuma na akavikimbiza barabara kuu wiki nzima mpaka kimoja upepo ukakila, kikabaki kijiti na kipande chekundu kinapigapiga kioo. Hakukitoa mpaka England ilipofungwa penalti na Ureno. Hakuna aliyemuuliza kwa nini ana bendera ile, ilikuwa yake kama ya mwingine yeyote. Na mwaka 1996 kwenye Euro, England ilipocheza na Uskoti pale Wembley, ndipo misalaba myekundu ilipoonekana imejaa majukwaani, wakati fainali ya 1966 mashabiki haohao wa England walikuwa wanapeperusha Union Jack ambayo ni ya ufalme wote. Kwa hiyo hii bendera imeshawahi kuwa ya furaha, tena juzijuzi tu.

Sasa ngoja nikuambie kilichonifanya niwe na msimamo kwenye hili. Nilikuwa na jirani mzee, kiongozi wa skauti zamani, kila tarehe 23 Aprili anatoka na ua moja la waridi jekundu amelibana kwenye kola ya koti, kwa pini ya kawaida tu ya kushonea, ananunua dukani manake mwezi wa nne waridi za bustanini bado hazijachanua. Mwaka wa kwanza nikamuuliza mzee leo harusi? Akaangalia chini, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba leo ni siku ya George, akaongeza haraka kwamba yeye si mtu wa yale mambo, nisimfikirie vibaya. Mtu anasherehekea nchi yake kwa kunong'ona, tena anaomba radhi! Iliniuma kwa kweli. Manake watu wapole kama huyu wakikunja bendera zao na kuziweka kabatini, kinachobaki nje ni za wale wenye hasira, na mtoto wako akikua ataijua hiyo moja tu.

Kwa hiyo jibu langu ni mpeleke. Fua fulana, mvalishe, aende akachore. Bendera iliyochorwa kwa krayoni darasani na watoto wa kila rangi haiwezi kuwa na maana ileile na ya kwenye nguzo, na haitapata hiyo maana nyingine kama watoto wetu tutawaficha siku hiyo.

Kuhusu dini siwezi kukuamulia, hilo ni la kwenu na sheikh wenu. Ila lipo jambo moja baba yake atapenda kulijua. Karibu na Bethlehem kuna kijiji kinaitwa al-Khader, kuna kanisa la huyuhuyu George, na Waislamu wa pale nao wanakwenda miaka nenda rudi, wengi wao wanamhusisha na Khidhr, yule mja mwema wa Mungu katika mapokeo ya Kiislamu. Tena ongea na mwalimu mapema, muulize kama kuna ibada au ni hadithi na kuchora tu. Kama ni kama ulivyoandika, basi hapo mtoto haombi kitu, anasikiliza hadithi ya joka.

Shangazi, hivi hawa jamaa walikosa mtu wao? Nasikia huyo George hata England hakuwahi kukanyaga. Kwa nini wasimrudishe Edmund, mfalme wao wenyewe? Huku kwetu Suffolk wapo wanaolitaka hilo.
*Msomaji, Ipswich*

Ni kweli hakukanyaga. Mapokeo yanasema alikuwa askari wa jeshi la Warumi, upande mmoja asili yake Kapadokia ambayo leo ni Uturuki, mama yake mtu wa Lydda huko Palestina, akauawa mwaka 303 wakati wa Kaizari Diocletian kwa kukataa kuikana imani. Joka lilikuja baadaye sana, hadithi iliyoenea Ulaya karne ya 13, na mji wenyewe kwenye hadithi uko Libya: joka linakaa ziwani, watu wanalilisha kondoo wawili kila siku, kondoo wanakwisha, wanaanza kupiga kura nani atoe mtoto, siku moja kura inamwangukia binti mfalme. Yaani hadithi ambayo watoto wa kule Birmingham watasimuliwa imewekwa Afrika!

Edmund ni kweli alikuwa wao, mfalme wa East Anglia huko mashariki mwa England, aliuawa na Wadenmaki mwaka 869, na mji wa Bury St Edmunds una jina lake mpaka leo. Kulikuwa pia na mfalme Edward Muungamishi aliyefariki 1066 na amezikwa Westminster Abbey. Lakini wafalme wa vita walimtaka askari. Edward wa Tatu alipoanzisha ile Nishani ya Garter, umoja wa mashujaa wateule wa mfalme, mwaka 1348 akamweka George kuwa msimamizi wake, na baada ya kuwashinda Wafaransa pale Agincourt 1415 sikukuu yake ikapandishwa daraja ikawa kubwa nchi nzima.

Mimi namtaka George abaki, na sababu yangu ndiyo hiyohiyo unayomkatalia. Ni wa Ethiopia, nenda Lalibela ukaone lile kanisa la msalaba lililochongwa chini kwenye mwamba, ni lake. Ni wa Georgia, ni wa Ureno, ni wa Catalonia, ni wa Wakristo wa Palestina. Edmund anawahusu wale ambao babu zao walipigana na Wadenmaki, sasa mjukuu wa mtu wa Addis Ababa aliyezaliwa Leeds utamwambiaje? Kwa George huyo mtoto anaweza kusimama akasema huyu hata kwetu yupo. England ya leo inahitaji mtu wa aina hiyo.

Shangazi mi niko ghala moja hapa Leeds. 17 Machi, siku ya Mtakatifu Patrick, Ireland ya Kaskazini wanapumzika, 30 Novemba, siku ya Mtakatifu Andrea, Uskoti nao wanayo, sisi 23 Aprili tunaingia shifti kama kawaida. Serikali inashindwa nini kutupa likizo?
*Mchovu wa Leeds*

Pole kaka, na hoja unayo. England na Wales zina sikukuu za mapumziko 8 kwa mwaka, Uskoti 9, Ireland ya Kaskazini 10. Chama cha Labour kwenye uchaguzi wa 2017 kiliahidi siku nne za ziada, moja kwa kila mtakatifu wa nchi zile nne, kikashindwa uchaguzi, kikairudia ahadi hiyo 2019, kikashindwa tena. Wanaopinga wanasema Pasaka iko hapohapo na Jumatatu ya kwanza ya Mei iko hapohapo, biashara zitasimama mara nyingi mno. Mi naona siku ya tisa haiui mtu, waongeze.

Ila usidhani likizo ndiyo sherehe. Hiyo ya Uskoti sheria yake ya 2007 haimlazimishi mwajiri kumpa mtu mapumziko, wengi wanaingia kazini kama wewe tu. Sasa angalia Wales, wao 1 Machi siku ya Mtakatifu David hawana likizo kabisa, lakini pita mbele ya shule asubuhi hiyo uone. Visichana na kofia ndefu nyeusi na shali, wengine wamebandika ua la daffodili kifuani, wengine jani la liki, ile mboga ya jamii ya kitunguu, kubwa kuliko uso wao, wanakwenda kuimba. Huwezi kumwambia mtu wa Wales kwamba siku yake haipo. Inaanzia kwa watoto, na ndiyo maana yule mama wa Birmingham nimemjibu nilivyomjibu.

Shida ya England ni kwamba hawajui wafanye nini siku hiyo, na hilo lina chanzo. Sisi wenyewe kwa Kiswahili tunaita kote Uingereza, ukisema Mwingereza hujui ni mtu wa Leeds au wa Glasgow. Na wao wamejichanganya hivohivo kwa karne nyingi. Mskoti na mtu wa Wales walilazimika kusema sisi ni sisi, mtu wa England hakuwahi kulazimika manake ufalme wote aliuona wake. Tangu 1999 Uskoti na Wales wana mabunge yao, England haina la kwake, hata wimbo kwenye mpira wanaimba ule wa Mfalme ambao ni wa ufalme mzima. Sasa siku inafika mtu anajiuliza niimbe nini, nile nini, nivae nini.

Na vitu wanavyo! Shakespeare alifariki 23 Aprili 1616 na siku ya kuzaliwa kwake inaadhimishwa tarehe hiyohiyo. Barcelona siku hii watu wanapeana waridi na kitabu, mitaa inajaa meza za vitabu, na UNESCO mwaka 1995 wakaifanya siku ya vitabu duniani, halafu England nyumbani kwa Shakespeare shule zinaifanya Machi. Wana michezo ya kuigiza ya kale ya vijijini ambapo George anapigana, mmoja anaanguka amekufa, anaingia daktari wa uongo na chupa yake anamfufua, watoto wanaangua kicheko. Na kufunga mtaa wanakujua vizuri sana, Juni 2022 kwenye jubilii ya Malkia na Mei 2023 Mfalme alipotawazwa halmashauri zilifunga barabara, watu wakaunganisha meza mlango hadi mlango, mimi nilikaa kati ya mama wa Poland na kijana wa Jamaika tukala keki na sambusa zangu. Ningependa lile lifanyike kila wikiendi ya karibu na 23 Aprili, bila kusubiri mfalme. Wewe Leeds unaweza kuanza, ombi unapeleka halmashauri mapema, wiki kadhaa kabla, ukipata majirani watano wa kukubebea meza mambo yamekwisha.

Shangazi, kanisani kwetu 2025 George aliadhimishwa tarehe 28. Walikosea?
*Coventry*

Hawakukosea. Pasaka mwaka ule ilikuwa 20 Aprili, na kalenda ya Kanisa hairuhusu sikukuu ya mtakatifu ndani ya Juma Kuu wala wiki ya Pasaka mpaka Jumapili ya pili yenyewe, kwa hiyo inasogezwa hadi Jumatatu baada ya Jumapili ya pili ya Pasaka. Mashuleni na mitaani inabaki 23. Kwa 2027 iko palepale, 2028 Pasaka ni tarehe 16 Aprili kwa hiyo kanisani mtaifanya 24.