Maswali na majibu: Kikabaila, kimwinyi au "feudali"?

Swali: Nafundisha Historia kidato cha kwanza na cha pili wilayani Muleba. Naandaa notisi za Kiswahili kwa wanafunzi ambao Kiingereza bado kinawapiga chenga, nimekwama kwenye neno feudal. Kamusi inanipa "-a kikabaila", mwenzangu wa Pwani anasema "kimwinyi", na mwingine ananishauri niandike "feudali" nimalize kazi. Halafu mwanafunzi mmoja kaniuliza kama baba yake, mwenye nyumba za kupangisha, ni kabaila. Nimjibu nini?

Jibu: Mwalimu, pole na kazi. Andika "ukabaila" kwa jina la mfumo na "kikabaila" kwa sifa yake. "Umwinyi" uutumie pale tu unapozungumzia Pwani na Visiwani. "Feudali" achana nayo, maana mtoto atakuuliza maana yake na utarudi palepale kwenye ukabaila.

Kabla ya yote, kagua uchapaji. Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya kiada, na kosa ninalokutana nalo kila mara ni "ukabila" mahali pa "ukabaila". Kompyuta nyingi zinalijua la kwanza, la pili hazilijui, basi zinasahihisha zenyewe na mwanafunzi anasoma kwamba Ulaya ya kale ilitawaliwa kwa ukabila. Maneno hayo ni ndugu kwa asili ya Kiarabu, na zamani kabaila alikuwa mtu wa ukoo mkubwa tu, mwenye jina na heshima zake. Maana ya bwana wa ardhi anayewanyonya wakulima ilikolea baadaye, siasa zilipoingia.

Sasa maana yenyewe. Wanahistoria wanalitumia neno hili kwa namna mbili, na vitabu vyetu vinazichanganya. Ya kwanza ni ya wanasheria: bwana anampa mpiganaji eneo la ardhi, naye anaapa utiifu. Huko Ufaransa na Uingereza mwapaji alipiga magoti, akaiweka mikono yake miwili iliyofumbatana ndani ya mikono ya bwana. Tangu hapo alidaiwa huduma ya vita, kwa desturi siku 40 kwa mwaka, na akivunja kiapo ardhi inarudi kwa mwenyewe. Mkulima hayumo kabisa kwenye maelezo hayo, ni mambo ya wakubwa kwa wakubwa. Ya pili ni ya Karl Marx na waliomfuata, na hii ndiyo iliyozaa neno letu: bwana anamiliki ardhi, mkulima anaitumia, na kwa kuitumia anadaiwa kazi, mazao au fedha. Kitu cha kuzingatia ni kwamba bwana huyo si mwenye shamba tu, ni mtawala pia. Kesi ya mkulima anaihukumu yeye, na sehemu nyingi nafaka ilipaswa kusagwa kwenye kinu chake yeye, kwa malipo. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 bunge la Ufaransa lilipotangaza kuufuta utaratibu huo, wakulima walikuwa tayari wanachoma hati za madeni hayo katika majumba ya mabwana.

Kwa hiyo kipimo nikupacho ni hiki: je, anayedai malipo ya ardhi ndiye huyohuyo mwenye amri juu ya mtu anayeilima? Kama ndiyo, "kikabaila" linakaa. Kama sivyo, tafuta neno lingine.

Wewe uko Kagera, mfano bora uko mlangoni kwako. Katika nyarubanja, utaratibu wa ardhi wa Wahaya, Mukama, yaani mfalme, alimpa mtu wake eneo pamoja na watu waliokuwa tayari wanaishi humo na migomba yao. Mpokeaji akawa mtwazi, wao wakawa batwarwa. Wanafunzi wako wanaojua Kihaya waulize kutwara ni nini, watakwambia ni kutawala. Mtwarwa basi ni mtawaliwa, ingawa anachotoa kinafanana na kodi ya shamba. Ardhi na utawala vimefungwa katika jina moja. Na mambo haya si ya kale sana: sheria ya kuwaondolea wakulima mzigo huo ilipitishwa Tanzania mwaka 1965, na nyingine ikafuata 1968. Waambie wakawaulize babu na bibi zao, somo litajifundisha lenyewe.

Mifano mingine ya kwenye mtaala haina uzito sawa. Ubugabire wa Burundi na Buha, pamoja na ubuhake wa Rwanda uliofutwa mwaka 1954, ulisimama juu ya ng'ombe: shebuja anatoa ng'ombe, mpokeaji anarudisha utumishi. Unaingia kwa maana pana, ilimradi ueleze kwamba kiungo ni mifugo. Buganda ya busuulu (kodi ya ardhi) na envujjo (ushuru wa mazao) inaingia vizuri zaidi, hasa baada ya mkataba wa 1900 na Waingereza kuwagawia machifu ardhi ya mailo, yaani ya kumiliki wenyewe. Utemi wa Unyamwezi mimi ningeuweka pembeni. Ardhi ilikuwa tele, na mtu aliyechoshwa na mtemi wake aliweza kufungasha akaenda kuomba mahali kwa mtemi mwingine. Jack Goody, mwanaanthropolojia wa Cambridge, alitumia hoja kama hiyo kuwapinga wanaouona ukabaila kila mahali Afrika: palipo na jembe la mkono na ardhi isiyokwisha, bwana hana cha kumbana mkulima. Mtihani ukiuliza, wanafunzi waandike utemi kama mtaala unavyotaka, ila darasani usiache kulisema hilo.

Pwani kuna mtego mwingine. Mwinyi lilikuwa jina la heshima, na Unguja ilikuwa na mtawala wake wa jadi, Mwinyi Mkuu, hadi mwaka 1873. Lakini mashamba makubwa ya karafuu yalilimwa na watumwa hadi 1897, na utumwa si ukabaila: mtumwa anamilikiwa mwenyewe, mtwarwa hamilikiwi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na familia zikagawiwa eka tatu tatu, na "umwinyi" likabaki neno la kukejeli. Leo ukimwambia mtu anafanya kazi kimwinyi unamaanisha anajivuta na kuagiza wenzake, hata kama hana shina moja la mkarafuu. Ni Kiswahili safi kwa mazungumzo, hakifai kwenye jibu la mtihani. Usichanganye pia na umangimeza, huo ni wa maofisini.

Tubaki na baba wa mwanafunzi wako. Azimio la Arusha la 1967 liliutaja ukabaila sambamba na ubepari, na kati ya masharti ya viongozi lilikuwamo la kutokuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ikayachukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na kuendelea. Ndiyo maana watu wa umri wangu tukisikia mwenye nyumba tunasikia kabaila. Kwa kipimo cha historia, hapana. Mpangaji analipa kodi, mkataba ukiisha anahama, na wakigombana wote wawili wanakwenda mbele ya baraza au mahakama isiyo ya mwenye nyumba. Huyo mzee ni mwekezaji mdogo, au bepari mdogo ukitaka kumtania. Mwambie mtoto hivyo, na uongeze kwamba zamani baba yake asingepewa uongozi TANU.