Maswali ya Wasomaji: Kiwanda cha Kompresa Kilichoanzia Kwenye Reli

SWALI: Mhariri, ninafanya kazi katika machimbo ya kokoto ambako tunatumia kompresa ya njano ya kukokotwa, yenye jina la Atlas Copco. Fundi wetu anasema haina pistoni kama kompresa za gereji. Ninaomba kujua kampuni hii ilianzaje, na kwa nini mitambo mikubwa ya kutoboa miamba iliyokuwa na jina hilo siku hizi inauzwa kwa jina la Epiroc. Msomaji, Mwanza.

JIBU: Ndugu msomaji, kampuni hiyo ilianzishwa Stockholm, Sweden, mwezi Februari 1873, kwa jina la AB Atlas, na wakati huo haikushughulika na kompresa hata kidogo. Eduard Fränckel, mkurugenzi wake wa kwanza, akisaidiwa na mwenye benki André Oscar Wallenberg na wenzao, alikusudia kutengeneza vifaa vya reli, kwa kuwa Sweden ilikuwa ikijenga njia zake za treni kwa kasi. Mahitaji ya reli yaliposhuka kampuni ikayumba, hata ikabidi mwaka 1890 iundwe upya kwa jina la Nya AB Atlas.

Hewa iliyoshindiliwa iliingia kupitia karakana yake yenyewe. Kazi ya kuunganisha mabamba ya chuma ilihitaji kugonga ribiti nyingi mno, na nyundo zinazoendeshwa kwa hewa ziliirahisisha sana. Mwishoni mwa karne ya 19 mafundi wa Atlas wakaanza kutengeneza zana hizo wenyewe, na kwa kuwa zana ya hewa haifanyi kazi bila mtambo wa kushindilia hewa, mwaka 1904 wakatoa kompresa yao ya kwanza. Mwaka uliofuata wakatoa mashine ya kutoboa miamba. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye asili halisi ya kampuni unayoiulizia, kwani bidhaa iliyokuja kuibeba ilizaliwa kutokana na shida ambayo wafanyakazi wake waliijua kwa mikono yao.

Hata hivyo, safari haikunyooka. Mwaka 1917 Atlas iliungana na kiwanda cha injini za dizeli, ikaitwa Atlas Diesel, na kwa miaka mingi dizeli ndiyo iliyopewa kipaumbele ingawa haikuleta faida ya kuridhisha. Walter Wehtje, aliyeshika uongozi mwaka 1940, aliielekeza kampuni kwenye hewa, na mwaka 1948 kitengo cha injini kikauzwa.

Uamuzi huo ulifaa kwa sababu wakati uleule mashine nyepesi za kutoboa miamba, zenye mguu wa kuzisukuma na patasi zenye ncha ya kabidi ya tangsteni (madini magumu sana yaliyotengenezwa kiwandani) kutoka kampuni ya Sandvik, zilimwezesha mtu mmoja kuendesha mashine moja peke yake. Njia hiyo ilienea migodini na kwenye mahandaki ya mabwawa ya umeme katika nchi nyingi, na kila mashine ya namna hiyo iliyouzwa ilihitaji kompresa ya kuilisha. Jina la Atlas Copco lilianza kutumika mwaka 1956. Sehemu yake ya pili ni kifupi cha maneno ya Kifaransa Compagnie Pneumatique Commerciale. Mwaka huohuo kampuni ilinunua kiwanda cha kompresa cha Arpic nchini Ubelgiji.

Kuhusu pistoni, fundi wenu yuko sahihi. Ndani ya kompresa yenu mna skrubu mbili zinazozunguka zikiwa zimeshikana, na hewa iliyonaswa katikati yao hubanwa kadiri inavyosukumwa kuelekea upande wa kutokea. Mafuta hunyunyiziwa humo ili kupooza joto na kuziba mianya, kisha hutenganishwa na hewa kabla haijafika kwenye mpira wa kupitishia hewa. Umbo hilo liliendelezwa miaka ya 1930 na mhandisi wa Sweden, Alf Lysholm. Kwa kuwa hazina vali za kufunguka na kufunga kila mara, mashine hizi huvumilia kazi ya mfululizo kuliko zile za pistoni, mradi mafuta na vichujio vibadilishwe kwa wakati.

Epiroc ni kampuni iliyozaliwa mwaka 2018, pale Atlas Copco ilipotenga shughuli zake za migodi na uchimbaji wa miamba na kuiorodhesha Epiroc peke yake katika soko la hisa la Stockholm. Kompresa zilibaki Atlas Copco, kwa hiyo vipuri vya mashine yenu viulizeni kwa wakala wake, na vya mitambo ile mikubwa kwa wakala wa Epiroc.