Hati ya kiwanja iko kwa nani?

SWALI: Shikamoo Bi Mshauri. Niko Riyadh, kazi za nyumbani, mshahara riyali 1,000. Kila mwezi namtumia kaka yangu Kilifi riyali 900: mama ale, karo ya mdogo wetu ilipwe, zitakazobaki anunue kiwanja na mawe. Ameniletea picha ya msingi, hati sijaiona. Nikiuliza, anasema simwamini. Mkataba wangu umebakisha miezi saba. Nifanyeje nisivunje undugu?
Dada wa Riyadh

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuulizia hati ya jasho lako si kumkosea kaka. Mwombe namba ya kiwanja, kisha mjomba au mtu mwingine unayemwamini aende ofisi ya ardhi aulize rasmi kimeandikwa kwa jina la nani. Huko kwetu Pwani viwanja vingi huuzwa kwa karatasi ya makubaliano tu, hati hakuna. Kama ni hivyo, karatasi hiyo ipigwe picha, uone kama jina la mnunuzi ni lako na namba ya kitambulisho ni yako. Kabla ya hapo usitume hata shilingi ya simiti.

Huenda kaka yako hajala kitu. Pesa ya mama na ya ujenzi zikikaa mfuko mmoja, mama akiugua au kukiwa na msiba, ya simiti ndiyo inayochotwa, naye anaona haya kukwambia. Kwa hiyo tenganisha. Mama mtumie riyali 400 kwenye simu yake mwenyewe, kwa mkupuo mmoja, maana kila unapotuma unakatwa ada. Weka 200 za karo, zilipwe kwenye akaunti ya shule. 300 ziingie akaunti ya jina lako. Benki za nyumbani huwafungulia Wakenya walio nje. Kwa miezi saba hizo ni riyali 2,100, zaidi ya shilingi 70,000. Mia inayobaki ni yako, na usiionee aibu.

Kaka mtumie ujumbe wa sauti, kwa upole: "Kaka, ahsante kwa kunisimamia. Mshahara wangu ni riyali elfu moja tu na mkataba unaisha. Kuanzia mwezi huu ya mama naituma kwake, ujenzi tunausimamisha hadi nirudi. Naomba namba ya kiwanja." Usiongeze lawama.

Akikataa kuitoa, usigombane naye kwenye simu. Mjomba awaite kikao, mama awepo, nawe uwe hewani.