Hammas haikutoka kwa "Hammer", futa kabla hujawasilisha

Mkuu, usiwasilishe hiyo semina. Kusema kwamba hammas, jino kwa Kifini, imetokana na Hammer ya Kijerumani kwa kuwa "meno yanaponda kama nyundo" ni kujitafutia aibu mbele ya darasa. Mhadhiri wetu naye alitufundisha hivyo hivyo: fungua kamusi, panga yanayofanana, basi. Kwa mtindo huo niliandika kwamba hanhi, bata bukini kwa Kifini, halina ndugu popote Ulaya. Sura nzima ya tasnifu ikafutwa, na yeye aliyetuelekeza akakaa kimya kikaoni kama hanijui. Mpaka leo inaniuma.

Neno la kamusini ni umbo la leo. Usililinganishe na chochote mpaka uligeuzegeuze kisarufi na kuliweka kando ya ndugu zake. Kifini wanaposema "ya jino" ni hampaan. Hiyo p imetoka wapi? Waestonia nao wana hammas, lakini "ya jino" kwao ni hamba, na Wavepsi, ndugu wengine wa Wafini kilugha, wanasema hambaz moja kwa moja. Kumbe mm ya leo imemeza konsonanti, na umbo la kale ni *hambas. Kinyota maana yake halijaandikwa popote, wataalamu wameliunda upya. Hammer yako imefia hapo.

Sasa njoo kwenye h. Katika maneno ya mkopo ya kale kama hili, h ya leo ilikuwa š, yaani sh. Na mababu wa Wafini hawakuwa na ž, sauti kama sh lakini ya kughuna, kwa hiyo walipolichukua neno kwa majirani zao Wabaltiki, mababu wa Walithuania na Walatvia, ž ikageuka š. Kilithuania hadi leo kina žambas, ukingo mkali, na Kilatvia kina zobs, jino lenyewe. Ukipanda juu zaidi kwenye ukoo huo unakutana na comb ya Kiingereza, kitana, nacho kina meno! Neno la asili la Wafini lenyewe halikufa: pii, jino la reki, ndugu wa fog, jino kwa Kihangari.

Kabla ya kuandika mstari mwingine, chukua herne, njegere. Rudisha š mahali pa h, kisha fungua kamusi ya Kilithuania kwenye žirnis. Halafu hanhi yangu, uitafute kwenye žąsis.